Wahusika wangu mbona hawana uhai? Jibu kwa mwandishi wa Mpanda

SWALI: Naandika hadithi fupi, bado sijachapisha hata moja. Kila ninayempa asome hunijibu vilevile: lugha nzuri, ila watu wako hawana uhai. Nikanunua kamusi, nikaanza kuokota maneno mazito na kuyachomeka humo. Sasa wanasema nimezidisha maneno magumu. Sura ya mhusika nieleze kwa kiasi gani? Msamiati niutoe wapi? Na neno ambalo msomaji wangu halijui, niliwekee maana kwenye mabano? Naambatanisha aya moja uone. (Msomaji, Mpanda)

JIBU:

Dada, aya yako naiweka hapa kama ilivyokuja, maana tutaifanyia kazi:

"Mzee Shomari alikuwa mzee mnene, mfupi, mchoyo na katili mwenye sura ya kuogofya. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Siku hiyo alikuwa na ghadhabu isiyo na kifani. Alimwendea mpangaji wake Neema, msichana mrembo, mwembamba na mpole mwenye macho ya kuvutia, akamdai kodi yake kwa ukali. Neema alisononeka mno."

Sarufi imekaa sawa. Hata hayo maneno magumu siyaoni sana hapa; "ghadhabu isiyo na kifani" futa, yameisha. Tatizo ni kwamba kazi iliyokuwa ya msomaji umeimaliza wewe. Umemwambia huyu mchoyo, huyu katili, huyu mpole, naye akubali tu. Hajamwona Mzee Shomari akimnyima mtu kitu. Hajasikia huo ukali ulivyotoka mdomoni. Na Neema, kwa maelezo haya, ni kila msichana wa kila hadithi ninayoletewa: mrembo, mwembamba, macho ya kuvutia, na mara nyingi mweupe. Hili la weupe sijui lina nini. Mitaani weusi ndio tumejaa, hadithini hatuonekani.

Mwandishi akiambiwa hivyo, mara nyingi hukimbilia kuongeza sifa. Mnene anakuwa "mnene wa kupindukia", sura ya kuogofya inakuwa "sura ya kuogofya na kutisha". Hapo ndipo kamusi ilipokupoteza. Vivumishi vya asili Kiswahili hakina vingi. Ukishamaliza -zuri, -baya, -refu, -fupi, -nene, -embamba, -gumu, -zee na wenzao, vilivyobaki unaviunga mwenyewe kwa "mwenye", "asiye na" na "wa". Ndiyo maana sifa zikifuatana tatu nne sentensi inaanza kuburuta miguu. Nguvu ya lugha yetu iko kwenye kitenzi. Neno moja linakuambia nani, lini, vipi, na mara nyingi anayesema anamwonaje huyo anayesemwa.

Kaa bombani asubuhi usikilize watu wakimteta jirani. Hutasikia "ni mwanamke mwenye majivuno". Utasikia: "Kapita hapa kajitia hatuoni." "Anajishebedua huyo, nani asiyemjua?" "Juzi kaja kukopa chumvi, leo anatubinulia midomo." Hakuna aliyetaja amevaa nini wala ana urefu gani, na bado ukikutana naye njiani utamjua.

Chukua sentensi ambayo kila mmoja wetu ameiandika: "Alitembea polepole." Nani? Mgonjwa aliyetoka wodini anajikongoja. Mlevi anapepesuka. Mwenye kidonda unyayoni anachechemea. Anayerudi usiku wa manane na hataki mkewe aamke ananyata. Mtoto aliyetumwa dukani mpira ukiwa umenoga anajikokota. Wote hao wanakwenda polepole, na hakuna hata mmoja anayehitaji neno "polepole". "Alisema" nako kuna ndugu wengi: kuropoka, kufoka, kunung'unika, kudakia, kubwata. Ila huku kwenye kusema jizuie. Ukurasa ambao mmoja anafoka, mwingine ananguruma na wa tatu anabwata unaumiza kichwa kuliko kelele zenyewe. Mara nyingi "akasema" inatosha, na mara nyingi zaidi hata hiyo haihitajiki kama maneno yenyewe yana mwenyewe.

Kuna kundi moja la vitenzi ambalo ningekuwa wewe ningelitengea daftari lake: vile vya -ji-. Kujikweza, kujitutumua, kujikomba, kujikunyata, kujibweteka, kujichekesha, kujibaraguza. Kila kimoja ni tabia nzima. Tuseme mtu ana deni dukani, unga na mafuta, mwezi wa pili sasa. Jumamosi anajikuta meza moja na mwenye duka kwenye harusi. Anajibaraguza: anamgeukia wa upande wa pili kumuuliza habari za watoto, anaisifu pilau, anaiinamia simu ambayo haijaita. Sikusema ni mdaiwa sugu, wala mwoga, wala mnafiki. Kujichekesha nako kuna unyonge ambao kucheka hakuna. Msichana wa kazi anayejichekesha mbele ya bosi aliyemkosea hana furaha yoyote, na msomaji wa Kiswahili halihitaji hilo kuelezwa.

Kurudia kitenzi pia hubadilisha mtu. Anayesoma anasoma. Anayesomasoma anasubiri kitu kingine. Anayecheka kafurahi, anayechekacheka ana la kuficha au hana la kusema. Na mtu anayezungukazunguka sokoni saa za kufunga hakuja kununua. Ama ana njaa, ama ana mpango.

Halafu kuna hu-, ambayo waandishi wengi wanaiachia methali peke yake. Wakati kuonyesha mazoea ndiyo kazi yake hasa, na mazoea ndiyo mtu. "Mwalimu mkuu alikuwa na wasiwasi mwingi" ni taarifa. "Mwalimu mkuu hufunga kabati, huondoka, kisha hurudi kulitikisa" ni mwalimu mkuu. Faida yake huja kurasa kadhaa mbele: siku atakayofunga kabati akaondoka moja kwa moja, msomaji atashtuka kabla yako.

Sasa turudi kwa mwenye nyumba wako. Nimeiandika upya hivi. Si kwamba ndiyo njia pekee, na wewe unayeijua hadithi utaipata bora zaidi:

"Saa kumi na mbili asubuhi Mzee Shomari yuko koridoni, kainua kichwa, anaikazia macho taa ambayo mtu kasahau kuizima. Akaizima. Kisha akagonga mlango wa Neema, si kwa kidole, kwa ufunguo.

'Shikamoo, baba.'

Akanyoosha mkono. Alizihesabu noti midomo ikimchezacheza, akafika kwenye ile ya elfu tano iliyoungwa kwa selotepu, akaishika kwa ncha za vidole na kuirudisha.

'Hii kanunulie mboga.'

Neema aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Muda wote huo alikuwa amejibana mlangoni, mabega yameziba nafasi, mzee asije akauona mtungi wa gesi aliouingiza jana usiku."

Uchoyo haujatajwa. Upo kwenye taa na kwenye noti. Ukali upo kwenye ufunguo, na zaidi upo kwenye shikamoo iliyoachwa hewani. Kwetu mtu mzima kuamkiwa asiitikie "marahaba" ni kofi, na ukimfanya mhusika wako afanye hivyo huna haja ya kuandika tena neno "katili". Kwa kweli ukatili sijaugusa kabisa, kwa sababu kwenye aya yako sikuuona. Kama upo, ngoja uje na tendo lake. Kanzu na kofia nimeziondoa: mzee mwenye nyumba kuvaa kanzu si habari. Angekuja kudai kodi na taulo kiunoni, hapo ungenieleza.

Aliyebadilika zaidi ni Neema. Kwako alikuwa mpole basi. Hapa anapiga goti, anapokea kwa mikono miwili, na wakati huohuo anaficha. Waliokaa nyumba za kupanga wanajua kwamba kila kitu kipya kinachoingia chumbani kwako mwenye nyumba anakisoma: leo gesi, mwezi ujao kodi imepanda. Upole wake sasa una akili ndani yake, nami nataka kujua atafanya nini. Macho yake ya kuvutia sikuyahitaji. Mzee Shomari hakuja kumwangalia macho.

Hilo linanileta kwenye swali lako la sura. Eleza sura pale tu kuna mtu mwenye sababu ya kuitazama, na eleza kile ambacho mtu huyo angekiona kwanza. Mchumba anaona kimoja, mkopeshaji anaona kingine, nesi anaona cha tatu. Na usimalize kila kitu kwenye ukurasa wa kwanza, kichwa mpaka kidole cha mguu. Mpe alama moja, iwe na kazi. Mwanamume mwenye ukucha mmoja mrefu wa kidole cha mwisho ni pambo tu, mpaka siku watu watakapomletea vocha zao za simu awakwangulie kwa huo ukucha, naye akawa anazisoma namba kwa sauti ili kila mtu ajue nani kanunua ya mia tano na nani ya elfu. Sasa ukucha umekuwa cheo chake hapo kijiweni. Ukiutaja tena baadaye kwa maneno mawili tu, msomaji atamleta mtu mzima mwenyewe.

Msamiati sasa. Kamusi ni mali. Ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, haikauki mezani kwangu. Lakini kamusi inakupa maana, haikupi mdomo. Haikuambii neno hili linatoka kwa nani, wapi, akiwa na hali gani. Ukiliokota neno humo ukalitia kwa mtu ambaye hangelitamka, ni sawa na kumvika kiatu cha mtu mwingine: kila atakachofanya kitaonekana ni kuchechemea. Nenda kwa watu wenye kazi zao.

Fundi cherehani akiingia harusini haoni "bwana harusi mtanashati". Anaona mguu wa suruali uliopindwa kwa mkono kwa uzi usio wa rangi yake, na kwapa linalovuta kwa sababu mabega yalipimwa ya mtu mwingine. Suti ni ya kuazima, na yeye kalijua hilo bibi harusi akiwa bado hajashuka garini. Mhusika wako akiwa fundi, usimwache aone harusi kama uionavyo wewe. Mvuvi naye ana kalenda yake. Ana bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ana maji mafu katikati, ana pepo za kusi na kaskazi. Mtu akimwahidi kumlipa "mwisho wa mwezi", mwezi anaoufikiria yeye kwanza ni ule wa juu. Kutokuelewana kama huko kunaweza kubeba hadithi nzima, na wala hujatumia neno gumu. Umetumia neno lake. Kondakta wa daladala vilevile: kwake "hesabu" ni ile fedha ambayo lazima ifike kwa tajiri jioni, hata kama mvua imenyesha kutwa na abiria hakuna. Muandikie siku ambayo hesabu haijatimia na saa mbili usiku imefika. Utaona mkono wake unavyozichezesha sarafu.

Namna ya kuyapata maneno hayo: nenda ukae kwenye benchi la fundi, sema ukweli kwamba unaandika. Usiulize "hiki kinaitwaje?" tu. Ukiuliza hivyo atakupa jina, nalo utalichomeka kama ulivyokuwa ukichomeka ya kamusi. Uliza siku kilipoharibika ilikuwaje. Hapo atakusimulia cherehani iliyoanza kukata uzi usiku wa kuamkia Idi, sare za watu kumi na wawili hazijaisha, mteja kakaa hapo hapo kwenye benchi anapiga miayo. Jina utalipata, na vitenzi vinavyotembea nalo, na hasira ya fundi juu.

Mavazi yanastahili nafasi pale mvaaji alipochagua. Kanga unaweza kuieleza rangi zake mistari mitatu na usiseme kitu. Au uandike kwamba mama mkwe kaja kumwona mke wa mwanawe kajifunga kanga yenye jina "Hasidi hana sababu", akakaa mkekani, akaivuta na kuinyoosha pajani hadi jina likasomeka lote, kutoka kwenye mlango wa jikoni. Nani yuko jikoni? Hapo pwani na mbali na pwani pia watu wanajua kusoma hiyo. Ukijua kwamba kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na huuzwa kwa doti, utaweza hata kuandika ugomvi juu ya nani alipewa kipande kipi baada ya doti kukatwa.

Lakini kifaa chenye nguvu kuliko vyote kwenye Kiswahili, kwa maoni yangu, ni namna watu wanavyoitana. Hapa hatuitani kwa majina ovyo, na kila mwito una uzito wake. Kijana anayemwambia mzee wa mtaa "Mambo?" ameshajieleza. Dereva wa bodaboda anayemwita kila mwanamke "shemeji" naye kajieleza, na mwanamke anayemjibu "shemeji yako nani?" kajieleza zaidi. Mume aliyemwita mkewe "Mama Zawadi" hadithi nzima, usiku mmoja akamwita kwa jina lake mwenyewe, Hadija, hapo msomaji ataacha kutafuna. Kuna mapenzi yamerudi au kuna msiba unakuja. Akimwita "wewe mwanamke", mapenzi yametoka. Katika kila hadithi unayoandika, kabla hujaanza, jiulize kila mtu anamwitaje mwenzake akiwa mbele yake, na anamwitaje akishageuza mgongo. Wapangaji wa Mzee Shomari wana jina lake la uani, na wewe ndiye unayelijua.

Ngeli ni ndugu wa jambo hilo. Mtu, kijitu, jitu. Mzee, kizee, jizee. Kwa kawaida kiumbe hai hupatanishwa na a- na wa-, hata jina lake likianza na ki-: kijana anakuja, kipofu anakuja. Ukiacha ki- itawale sentensi nzima, "kijitu kile kimekuja tena, kimesimama mlangoni", umeonyesha dharau ya anayesema bila kuitaja. Na kwa mtoto mchanga ki- hiyohiyo huwa huruma: "kitoto kimelala, kimekunja ngumi." Ila hapa amua ni nani anadharau. Ikiwa ni mhusika, sawa, ni tabia yake. Ikiwa ni wewe msimulizi, msomaji atakuhesabia wewe. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno kama "zeruzeru". Mhusika mwenye roho mbaya anaweza kulitamka na tukamjua kwa hilo. Msimulizi aseme mtu mwenye ualbino, kama watu wenyewe wanavyotaka.

Tanakali, yale maneno yanayoiga sauti au hali, nitazipitia haraka. Kulala fofofo, kulewa chakari, giza totoro, mweusi tii, kujaa pomoni: zimezoeleka mno, jicho linaziruka. Zinafufuka zikitoka kwenye mdomo wa msimulizi fulani. Mtoto anayemsimulia mama jinsi kaka alivyoanguka mtoni, "akateleza, huyooo, mpaka majini chubwi!", hiyo chubwi inamchora mtoto kuliko inavyomchora kaka.

Lahaja ni mahali pa kwenda kwa adabu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja miaka ya 1920 na 1930, na shule zetu zilitufundisha kwamba kila mtu kitabuni aongee hicho. Matokeo yake bibi wa Lamu, mchuuzi wa Bukavu na kijana wa Eastlands, Nairobi, wote wanaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Usifanye hivyo, lakini pia usiandike lahaja nzima kama huijui kwa kuishi nayo. Alama mbili tatu, zikirudi kila anapoongea, zinatosha. Mwanamke wa Mombasa aseme "ndoo" pale wewe ungesema njoo, na "mato" kwa macho. Mtu wa Kongo aseme "batu" na "aksanti". Kijana wa Nairobi amwite mama yake "mathe" akiwa na wenzake, na akifika nyumbani arudi kwenye "mama". Hiyo pekee ni picha yake kamili. Jambo nisilolipenda kabisa ni kuandika watu wa bara wakichanganya r na l ili wasomaji wacheke. Ni kichekesho cha bei rahisi, na kinamfanya mtu awe ulimi wake tu. Kama kuna mtu ndani ya hadithi anamcheka mwenzake kwa hilo, na mwenzake anaumia, basi lina sababu ya kuwepo.

Kuhusu majina, achana na kumwita tapeli "Bwana Tamaa". Majazi yalikuwa na heshima yake katika hadithi za mafunzo, lakini kwenye hadithi kama zako yanamaliza utamu mapema. Wazazi wetu wamekuachia majina yenye hadithi ndani yake tayari: Chausiku, Masika, Mashaka, Tabu, Sikudhani. Msichana anayeitwa Tabu aliitwa hivyo na mtu, siku fulani, kwa jambo fulani. Si lazima ulieleze. Inatosha mgeni amuulize "mbona Tabu?" naye abadilishe mazungumzo.

Mabano. Hapana, usiweke. Kwenye kitabu cha darasani yana kazi yake, maana mwanafunzi ataulizwa kwenye mtihani. Kwenye hadithi mabano yanamtoa mhusika jukwaani, unaingia wewe na chaki. Neno geni liweke mahali ambapo kitendo kinalieleza. Ukiandika "alivua makubazi mlangoni, moja likabaki limepinduka", nani atahitaji kuambiwa makubazi huvaliwa wapi? Ukiandika "aliutia mkono ndani ya dema, akatoa changu wawili na kaa mmoja aliyekataa kuachia", mtu wa Mpanda ambaye hajawahi kuiona bahari anajua dema ni chombo cha kunasia samaki, na hilo ndilo analohitaji kwa sasa. Mruhusu mhusika mwingine aulize pia, kama kweli ni mgeni wa mahali hapo na angeuliza. Na kila aya isibebe neno geni zaidi ya moja, mpaka msomaji atakapozoea hewa ya hapo.

Neno likikataa kueleweka kwa njia zote hizo, na ukiliondoa hakuna mtu anayepungukiwa, liondoe. Libaki kwenye daftari, litampata mwenyewe kwenye hadithi nyingine.